Upondo Unagusa Chini

Mgeni anayeshuka Babati kwa mara ya kwanza huambiwa mambo mawili pale stendi: kuna ziwa lenye viboko, na kuna mlima wenye chemchemi. Yote mawili ni kweli. Mimi ndiye ninayempakia kwenye mtumbwi, na kesho yake ndiye ninayempandisha mlima huo, Kwaraa. Kazi hii nimeanza nayo kabla Mkoa wa Manyara haujakatwa kutoka Arusha mwaka 2002, wakati Babati ilikuwa bado mji wa kupita tu, na hadi leo ndiyo inayolisha nyumba yangu. Ninayoyaeleza hapa sikuyasikia kijiweni.

Wengi wanadhani kuongoza wageni ziwani ni kupiga kasia na kutaja majina ya ndege. Majina ya ndege ndiyo sehemu nyepesi. Furukombe, mwari, mnandi, yangeyange, mtoto wa darasa la nne anayeishi ufukweni anawajua wote. Kazi ni kujua leo viboko wamelala upande gani, yupi ana mtoto, upepo utaamka saa ngapi, na chini ya mtumbwi pana maji kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi siku hizi.

Tunaingia majini saa kumi na mbili asubuhi, saa moja ikichelewa. Mgeni aliyelala hotelini akaja saa nne baada ya chai huwa namwambia tusubiri jioni, naye hununa. Haoni sababu, maana pale ufukweni maji yametulia. Lakini adhuhuri upepo hushuka kwa nguvu, na katika ziwa lisilo na kina mawimbi huwa mafupi na ya harakaharaka, yanaujaza mtumbwi kwa ubavu kabla hujashika kata ya kufukuzia maji. Ziwa lenye kina kirefu hukupa nafasi ya kugeuza mtumbwi. Letu halikupi.

Kuhusu kiboko, wageni wengi hawajui kwamba haogelei. Mwili wake ni mzito, anatembea chini, anasukuma tope kwa miguu, kisha anaibuka kuvuta pumzi. Usiku anatoka kula majani nchi kavu, hata kilo 40 kwa usiku mmoja, na mchana kutwa anakaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Kwa hiyo mchana anahitaji sehemu yenye maji ya kumfunika mgongo, lakini si yenye kina cha kumfanya ashindwe kusimama. Sehemu hiyo ndiyo ramani yangu. Zamani palikuwa na sehemu nyingi za namna hiyo, na kundi moja likiwa huku tuliweza kupita kule. Sasa zimepungua, na viboko wamebanana kwenye mkondo uleule ambao wavuvi wanautumia kutega nyavu za perege na kambare.

Matokeo yake mgeni anayaona kama bahati nzuri. "Kaka, leo tumewaona wengi kweli!" Anapiga picha, anafurahi. Mimi naangalia mapovu. Kiboko akizama, mapovu humsaliti: yakitawanyika, anatulia, yakija kwa mstari kuelekea kwetu, anakuja. Hapo hakuna maelezo kwa mgeni, ni kurudisha mtumbwi nyuma kimyakimya kuelekea maji madogo, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote ni kukaa kati ya kiboko na kina chake. Tatizo ni kwamba maji madogo nayo yamekuwa madogo mno. Unarudi nyuma, upondo unagusa tope, mtumbwi unakwama, na mnyama bado yuko mbele yako. Limenipata hilo nikiwa na familia kutoka Dar es Salaam, mama na mabinti wawili. Walidhani nimesimama ili wapige picha vizuri. Walipiga, na kiboko akageuka mwenyewe. Niliposhuka nchi kavu ilinibidi nikae chini kwanza kabla ya kupokea malipo.

Mvuvi mmoja jirani yetu hakubahatika hivyo. Alitoka alfajiri kukagua nyavu, mtumbwi ukapinduliwa, na kilichomuua ni mguu uliopondwa na damu iliyotoka njiani tukimkimbiza hospitali kwa pikipiki. Watu mjini walisema kiboko amekuwa mkali. Kiboko ni yuleyule. Eneo lake ndilo lililosogezwa likaletwa kwenye njia ya marehemu.

Maji yanapungua kina kwa sababu ya udongo, na hili ni jambo ambalo mgeni wa siku moja hawezi kuliona. Aje mwezi wa nne, mvua ya masika ikiwa imenyesha usiku, asimame nami pale korongo linapoingia ziwani. Ataona maji mekundu yanaingia yakiwa mazito, na ulimi wa tope unasogea ndani ya ziwa kila msimu. Udongo huo ni wa mashamba ya mahindi na mbaazi yaliyolimwa kwenye miteremko bila matuta, ni wa njia za ng'ombe, ni wa barabara za mitaa mipya iliyochongwa bila mitaro. Ukishaingia ziwani hautoki. Ziwa hili halina mto wa kudumu unaolisafisha. Hupata pa kutokea pale tu maji yanapojaa kupita kiasi.

Mgeni mmoja, mwalimu, aliniuliza: "Mbona maji yana rangi ya chai?" Nilimpa upondo apime mwenyewe. Alidhani amefika chini, nikamwambia asukume zaidi. Ukaingia tena kwenye tope kama urefu wa mkono. Hapo ndipo alipoelewa kwamba sehemu ya ziwa letu siku hizi ni uji.

Wazee wa hapa wanakumbuka mafuriko ya mwaka 1990, ziwa lilipopanda likaingia mjini, watu wakahama nyumba zao. Kwa sababu hiyo kuna wanaosema: ziwa lililowahi kutufurikia litakaukaje? Wanadhani mafuriko na ukavu ni maadui, kwamba ukiwa na kimoja huna kingine. Mimi naviona vinatoka mlango mmoja. Beseni lililojaa tope nusu hufurika kwa mvua ndogo na hukauka kwa jua dogo. Mwaka wa mvua kubwa tunaogopa nyumba za kando ya ziwa, mwaka wa kiangazi tunakokota mitumbwi kwenye tope hadi tuyapate maji, na miaka hiyo miwili inaweza kufuatana.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kila mwenye bustani ya nyanya na vitunguu pale kando anaijua namba hiyo. Anaijua kwa sababu amesomewa mikutanoni. Lakini mita 60 unaanza kuzihesabu wapi, ziwa likiwa limerudi nyuma? Maji yakisogea hatua mia, mkulima naye anasogea hatua mia, anapanda kwenye tope lenye rutuba ambalo mwaka jana lilikuwa chini ya mtumbwi wangu. Kigingi cha mpaka kimebaki nyuma yake, katikati ya mahindi. Akiulizwa anaonyesha kigingi: "Mimi niko wapi na ziwa lilikuwa wapi?" Masika yakirudi, mahindi yake yako majini, dawa alizopulizia ziko majini, na matete yaliyokuwa yakichuja tope yameshafyekwa.

Siwachukii wakulima hawa. Baadhi ni ndugu zangu kabisa, na bila bustani ile watoto wao hawasomi. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja akitembea ukingoni kila wiki na orodha ya majina, akizungumza na kila mwenye shamba, mambo yatabadilika zaidi kuliko kwa operesheni ya siku moja yenye magari na kamera. Wavuvi tuna kikundi chetu cha ulinzi wa rasilimali, tunakamata kokoro na nyavu za timba, tunazichoma. Nyavu tunaweza. Tope hatuna mamlaka nalo, linatoka kilomita nyingi juu yetu.

Na huko juu ndiko ziliko chemchemi.

Kwaraa una urefu wa mita 2,415 hivi, umesimama juu ya mji kama mtu mzima anayekuangalia. Msitu wake ni hifadhi, unaingia kwa kibali, na huko ndani nyati wapo, hivyo mtu asiende peke yake kwa kujiamini. Kule kileleni asubuhi huwa kuna ukungu hata kiangazi. Miti inaukamata, inadondosha, ardhi inakunywa polepole, na maji hayo ndiyo yanayotokea chini kwenye miamba. Mgeni akiona chemchemi anadhani maji yanaanzia pale. Mimi namwambia atazame juu kwanza, kwenye miti.

Chemchemi ninayowapeleka wageni siitaji jina, na nina sababu. Nilipoanza kuitaja, vijana wakaanza kwenda wenyewe na spika, wakaacha chupa na mifuko, wakaoga kwa sabuni kwenye jicho la maji. Wanawake wa kitongoji cha chini wanachota hapohapo. Siku moja tulimkuta mama mmoja amekaa kwenye jiwe na madumu yake matatu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wageni wako wakimaliza kupiga picha, na sisi tuteke." Alikuwa hajakasirika. Alikuwa amechoka, na alikuwa amesubiri muda mrefu kwa sababu maji yalikuwa yametibuliwa na miguu ya watu waliotangulia. Tangu siku hiyo wageni wangu hawaingizi mguu majini. Wanaotaka kuogelea nawaambia Babati si mahali pake. Ziwani kuna kiboko, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna konokono wa kichocho. Wapo wanaovunja safari wakisikia hivyo. Waende salama.

Chemchemi yenyewe inapungua. Naiona kwa ndoo: mwezi wa kumi ndoo ya lita ishirini inachelewa kujaa kuliko ilivyokuwa, na kuna jicho moja la chini ambalo sasa hutoa maji msimu wa mvua pekee. Pembeni yake kuna mikaratusi. Ilipandwa kwa nia njema, watu waliambiwa wapande miti, nao wakachagua inayokua haraka na kuuzika nguzo. Lakini mkaratusi unakunywa sana, haukai na chemchemi. Wazee walikuwa na mikuyu kwenye macho ya maji, na ilikuwa mwiko kuikata. Mkuyu ukiuona bondeni, ujue hapo maji yalikuwa karibu. Mikuyu kadhaa kwenye njia yangu imekatwa kwa mkaa.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hubishana nami kila mara. Wanataka kujaza chupa kwenye chemchemi, wanasema maji ya mlimani ni safi kuliko ya dukani. Yanang'aa, ni baridi, hayana ladha mbaya. Lakini nchi yetu hii ya Bonde la Ufa ina madini ya floraidi ardhini. Ukitoka Arusha na Kilimanjaro hadi Manyara na Singida utakutana na vijana wenye meno ya kahawia, na hao hawakuacha kupiga mswaki. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita inaanza kuharibu meno ya mtoto, na ikizidi sana kwa miaka mingi inapinda mifupa. Huwezi kuionja, na kuchemsha hakuiondoi. Chemchemi mbili zilizo karibu karibu zinaweza kutofautiana kabisa. Kwa hiyo mimi hubeba maji kutoka nyumbani, na mgeni akiniona nakunywa ya chupa pembeni ya chemchemi hushangaa.

Nikitaka kumwonyesha mtu msitu uliotunzwa, nampeleka upande wa Duru-Haitemba. Ni msitu wa miombo, hauna kiboko wala maporomoko ya kupigia picha, ndiyo maana wageni hawauulizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa mbioni kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji walipoona hivyo, baadhi walikimbilia kukata kabla haujafungwa. Kisha vijiji vikasema: tuachieni wenyewe. Kufikia 1994 na 1995 vijiji vikapewa misitu yao, vikaweka sheria ndogo, walinzi wao na faini zao. Watu waliitetea kwa sababu walijua wanachokilinda, na chemchemi zilikuwa mojawapo. Misitu ya vijiji iliyokuja kuanzishwa sehemu nyingine za Tanzania imejifunza kutoka hapa Babati. Nilipompeleka mgeni mmoja mtaalamu wa misitu kutoka Kenya, alitembea siku nzima bila kuchoka, akiuliza kila mlinzi analipwa nini. Jibu lilikuwa dogo. Mlinzi mmoja alimwambia anapata sehemu ya faini, na faini zikipungua kwa sababu watu wametii, naye anakosa.

Barabara nayo imebadilisha kazi yetu. Zamani ukitoka Dodoma kupitia Kondoa ulifika Babati umechoka na vumbi, lazima ulale. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na nashukuru, maana mgonjwa anafika hospitali na mazao yanafika sokoni. Lakini basi sasa linasimama dakika chache za chakula na kuondoka. Magari ya watalii yanayokwenda Tarangire yanaingilia upande wa Arusha, hayatufikii, ingawa sehemu kubwa ya hifadhi ile iko ndani ya wilaya yetu. Anayebaki Babati ni mgeni wa mkutano wa ofisi ambaye ana nusu siku ya Jumamosi, au kijana wa Arusha aliyekuja na rafiki zake. Hao ndio soko letu, na ni watu wazuri, ila wanataka kila kitu kwa saa mbili na kwa bei ya bajaji.

Bei ikishuka, kinachokatwa kwanza ni usalama. Nina majaketi okozi ya kutosha mtumbwi mmoja. Nikija na bei inayolipia majaketi, msaidizi wa pili na kibali, pembeni yangu kuna kijana mwenye mtumbwi unaovuja anayesema nusu yake. Mgeni anachagua nusu. Kuna kampuni moja iliniletea kundi la watu wengi, ikataka niwapakie wote kwa mkupuo ili wawahi chakula. Nilikataa. Hawakurudi tena kwangu. Walikwenda kwa mwingine, na kundi lile lilipita salama, hivyo kwa macho yao mimi ndiye niliyekuwa msumbufu. Niliwahi kuandika barua kwenye ofisi inayohusika nikiomba kila mtumbwi wa wageni ukaguliwe na kupewa namba. Nimejibiwa kwamba barua imepokelewa.

Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang ulishusha tope, mawe na magogo juu ya Katesh, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa. Watu zaidi ya 80 walikufa. Tulikwenda kusaidia, na sitaeleza yote niliyoyaona. Wiki zile wageni wote walifuta safari za Kwaraa, wakiuliza kama mlima wetu nao utaanguka. Mimi si mtaalamu wa miamba. Niliwaambia ninachokijua: mlima ukishiba maji, kilichoko juu yake kitafuta njia ya kushuka, na korongo ambalo limekauka miaka mingi bado ni njia ya maji hata kama pamejengwa nyumba. Tangu wakati huo siwapitishi wageni korongoni mvua ikinyesha, hata kama njia hiyo ni fupi na wao wamechoka. Na nikiwa juu nahesabu kwa macho nyumba mpya zilizoingia kwenye mikondo ya chini. Kila mwaka zipo.

Nikipigiwa simu na mtu anayetaka kuja Babati, sianzi na bei. Namwambia aje mwezi wa sita hadi wa tisa, njia za mlimani zikiwa kavu, alale mjini usiku mmoja kabla ili tuingie ziwani mapema. Avae nguo zisizong'aa. Aulize mtumbwi una majaketi mangapi na ayaone kwa macho, si kwa kuahidiwa. Alipe kibali cha msitu na adai risiti, maana fedha isiyo na risiti haifiki kwenye mlima. Kwenye chemchemi asioge, asifue, asitupe kitu, na akikuta mama ana ndoo, ampishe. Akiona bustani imeingia ziwani, asimpige picha mkulima na kumweka mtandaoni. Aende kwenye ofisi ya kata aulize kigingi kiko wapi, kwa sababu swali la mgeni wakati mwingine husikilizwa kuliko letu. Na siku mwenye mtumbwi akimwambia leo haingii majini, asimtafute mwingine pembeni. Ampe nauli ya pikipiki aliyoitumia kufika, kisha aende zake Kwaraa.